Kiti Kilichopiga Saa

Vijana wa ghala wameniomba niandike ya kazini kabla sijayasahau, na nimekubali kwa sababu wameniletea daftari na kalamu mbili. Mtu aliyestaafu akipewa kalamu mbili hana pa kujificha. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi imekaa vibaya, iacheni ikae. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa ngapi nitaziruka. Waliopanda wanajijua, na mimi sikuwa mmoja wao.

Nilianza kazi Uhuru ukiwa bado mpya, wakati Wazungu wengi wa Lavington na Kitisuru walikuwa wakifunga virago kurudi kwao. Mtu anayerudi Ulaya kwa ndege hawezi kubeba kabati. Basi sisi tulikuwa tukienda na lori kuchukua makabati, vitanda vya shaba, vichwa vya swara na vinanda, tunavileta kwenye ghala letu nyuma ya River Road, na Jumamosi vinapigwa mnada. Wanunuzi wengi walikuwa watu wetu waliokuwa wakihamia nyumba zile zile. Kuna kabati moja nililitoa nyumba fulani ya Lavington siku ya Ijumaa, Jumatatu nikalirudisha nyumba hiyo hiyo, chumba hicho hicho, na alama za miguu yake zilikuwa bado kwenye sakafu. Nilijiuliza kwa nini nisingeliacha pale pale nikapumzisha mgongo, lakini habari za mgongo wangu hakuna aliyekuwa akiuliza.

Aliyenifunza kazi ni Maalim Bakari, mkuu wa ghala, mzee wa Lamu, mrefu, kofia yake nyeupe siku zote kama imetoka kufuliwa. Jioni alikuwa akisomesha watoto Kurani huko Pumwani, ndiyo maana wote tukamwita Maalim, hata sisi wa kanisani. Siku yangu ya kwanza aliniuliza kama najua kubeba. Nikamwambia mimi nimebeba mawe, magunia, na mara moja nimebeba ndama mgonjwa kutoka mtoni. Akamimina chai kwenye kikombe mpaka juu kabisa, akaniambia nipande nayo ghorofani nishuke. Niliporudi nusu ilikuwa kwenye kisahani na robo kwenye shati.

"Unajua kuhamisha," akasema. "Kubeba utajifunza."

Nilijifunza. Nilijifunza kwamba kabati hubebwa tumbo likikuelekea, kioo hubebwa kimesimama kama mtu, na kinanda hakibebwi bali hubembelezwa. Vifaa vyetu vilikuwa mablanketi ya jeshi, kamba ya katani, brashi ya manyoya ya farasi, na tiketi. Tiketi ndiyo nataka muielewe vizuri, maana nyinyi siku hizi mna vibandiko vya kuchomoa tu. Zetu zilikuwa karatasi ndogo za kahawia zenye gundi kavu mgongoni. Unailowesha, unaibandika, unaandika namba. Kulikuwa na sifongo ya kuloweshea lakini ilipotea mwaka wa kwanza, ikabaki kazi ya ulimi. Namba mia moja kwa wiki, kwa ulimi. Mpaka leo nikilamba bahasha chakula hakinipiti.

Na Maalim alikuwa na sheria moja tu ya ghala, aliirudia kila asubuhi kama mtu anayeita majina. Kitu kisicho na tiketi kina mwenyewe, usikiguse. Kitu chenye tiketi hakina mwenyewe mpaka nyundo igonge. Ukishabandika, umebandika. Hata likiwa koti lako.

Sasa kabla sijafika kwenye televisheni lazima niseme juu ya kiti. Baba yangu, Mzee Mulwa, alikuwa mchongaji upande wa Wamunyu. Nilipoondoka nyumbani alinipa kiti cha miguu mitatu cha mti wa muhuhu, kimetiwa waya wa shaba kuzunguka ukingo. Moshi wa jikoni ulikuwa umekifanya cheusi hata kabla hakijafika Nairobi. Upande mmoja wa ukingo kilikuwa na alama za meno, kwa sababu mbwa wetu Askari alilala nacho usiku mmoja, na baba alipotoka asubuhi akamkuta ameanza kazi. Baba alikasirika, lakini hakuzilainisha zile alama. Alisema kiti kimeshajulikana nyumbani.

Aliponipa alisema Nairobi watu hukalia vitu vya kuazima, yeye hataki. Akasema siku nitakapotaka kwenda kuposa, nije na kiti hiki, naye atavaa koti twende pamoja. Nikija bila kiti, atavua koti.

Basi kiti nikakiweka ghalani. Kilikaa nyuma ya pazia, na ndicho nilichokalia nikilamba tiketi.

Watu wa televisheni walikuja miaka ya sabini ikianza. Walitaka kipindi cha kutafuta vitu vya kale majumbani na kuvipiga mnada watu wakiona, na wakakiita Kuna Nini Darini. Katikati ya wiki kamera ilikwenda na sisi Kitisuru na Lavington, mtangazaji anafungua makabati ya watu na kusema hiki ni cha mwaka gani. Jumamosi jioni mnada unafanywa kwenye ukumbi mmoja mjini na kurushwa moja kwa moja. Moja kwa moja maana yake ukipiga chafya Nairobi, Mombasa wanaitikia.

Mtangazaji alikuwa Bwana Ogola, mtu wa tai ya kipepeo na sauti ya kumtoa nyoka shimoni. Nilimpenda, sitaki mdhani sikumpenda. Alinunulia wabebaji wote glavu nyeupe kwa mfuko wake mwenyewe. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kusema sijui.

Wiki ya tatu tulikuwa nyumba moja Kitisuru, akatoa kabatini bakuli kubwa la kauri lenye maua ya waridi, mkono mmoja na kifuniko. Akaiambia kamera kwamba hili ni bakuli la supu la watu wa ukoo wa kifalme. Maalim alingoja taa ya kamera izimwe, akamvuta kando akamwambia kwa adabu zote za Lamu kwamba bakuli la supu halina mkono mmoja, na hiki chombo mahali pake ni chini ya kitanda, kwa wale wasiopenda kutoka nje wakati wa baridi. Bwana Ogola alilifunika bakuli.

"Maalim," akasema, "nimeshasema mbele ya kamera. Kikishasemwa mbele ya kamera, ndivyo kilivyo."

Jumamosi likanunuliwa na mwenye hoteli ya River Road, akatangaza kwa furaha kwamba ataliweka katikati ya meza ya wageni. Mimi tangu siku hiyo sikunywa supu River Road.

Haya, tufike kwenye Jumamosi yangu. Wakati huo nilikuwa nimeshaelewana na Mwende, binti wa Mzee Ndonye wa Machakos, na siku ya kwenda kuposa ilikuwa imewekwa, wiki tatu mbele. Nilikuwa nimepeleka kiti ukumbini pamoja na vitu vingine kwa sababu pale nyuma ya jukwaa hapakuwa na pa kukaa. Nikakaa, nikaanza kulamba. Kumi na mbili, kumi na tatu. Kumi na nne nikailamba na kuiandika, na hapo Barasa, mwenzangu wa nyuma ya jukwaa, akaniita nimshikie mguu wa meza. Nikaweka tiketi, sijui wapi, nikashika mguu wa meza, nikarudi nikakaa. Tiketi ya kumi na nne sikuiona tena. Nikajiambia labda nimeshaibandika kwenye saa. Kumi na nne ilikuwa saa ndefu ya mbao kutoka Lavington, ile inayosimama sakafuni kama shemeji aliyekuja bila habari.

Mmeshaelewa. Nilikuwa nimeikalia.

Niliposimama, yenyewe ikabaki kwenye kiti, imebanwa sawasawa kwa uzito wangu wote, hakuna tiketi iliyowahi kubandikwa vizuri hivyo. Na mimi nikavaa glavu, nikaenda mbele ya kamera, maana kazi yangu ilikuwa kupokea kitu kutoka kwa Barasa pazia linapofunguka na kukiinua watu wakione. Barasa yeye alikuwa haangalii kitu, anaangalia namba. Ndivyo Maalim alivyotufunza sote.

Bwana Ogola alikuwa na karatasi yake kwa Kiingereza, anatafsiri akisoma, hajainua macho. Akasema namba kumi na nne, mabibi na mabwana, kitu cha ajabu kabisa, na ya ajabu zaidi ni kwamba mpaka leo kinapiga kila saa bila kukosea. Nikanyoosha mikono nyuma ya pazia kuikumbatia saa, nikapokea, nikageuka, nikainua. Nilikijua kwa mikono kabla ya macho. Glavu haikunizuia.

Bwana Ogola akainua macho akaona kiti.

Nataka mjue ukumbi ulikuwa na watu mia mbili. Nilimtazama kwa macho ya kuomba. Yeye akatazama karatasi, akatazama kiti, akatazama taa nyekundu ya kamera, nami nikaona ugonjwa unampanda.

Akasema ndiyo, kinapiga saa. Hiki ni kiti cha saa cha wazee wa Ukambani. Kabla ya saa za Wazungu kufika, mzee mmoja alikabidhiwa kiti hiki, na kila saa ikifika alikigonga, na kijiji chote kikajua wakati. Na ushahidi ni huu, akasema, akaweka kidole kwenye meno ya Askari, alama za saa, mtaona wenyewe. Akahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Zikafika kumi na moja zikaisha. Ukumbi ukamngoja. Akasema ya kumi na mbili haikuchongwa, kwa sababu saa hiyo mzee wa kugonga naye alikuwa amekwenda kula.

"Kijana," akaniambia, "hebu kigonge wasikie."

Mbebaji haongei kwenye televisheni. Hiyo nayo ilikuwa sheria. Basi nilifanya nini? Nilikigonga. Ko, ko, ko. Kiti cha baba yangu, kwa glavu nyeupe, nchi nzima ikiangalia.

Mnada ukaanza, na hapo nilitaka ardhi inimeze na kiti pamoja. Mfanyakazi haruhusiwi kununua. Nikatupa macho kwa Maalim aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa pembeni, naye akatazama kiti, akanitazama, akaelewa yote. Alikuwa amenisikia nikisimulia habari za koti la baba mara mia. Nikaona mkono wake unapanda. Maalim Bakari, aliyemfukuza mtu kazi kwa kununua birika mnadani, akainua mkono mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kila alipoinua, kule mbele mama mmoja wa Kizungu wa Kitisuru aliinua fimbo yake ya kutembelea. Mara ya nne Maalim aliuangalia mkono wake kama anauuliza una kiasi gani, akaushusha. Nyundo ikagonga. Kiti kikapata mwenyewe.

Jumanne nilipata salamu mbili kutoka nyumbani, zote zimeletwa na binamu yangu aliyekuwa karani mjini. Machakos kulikuwa na televisheni moja kwenye ukumbi wa burudani, na Jumamosi hiyo Mzee Ndonye alikuwa amealika jirani zake kwenda kumwona mkwewe mtarajiwa akifanya kazi. Habari za kiti alikuwa amezisikia kwa Mwende, na salamu yake ilikuwa hii: kijana anayeuza kiti cha baba yake mbele ya watu, tena anakigonga ili kiuzike, binti yangu atamfanyia nini? Kama hana kiti, asije.

Salamu ya baba ilikuwa fupi. "Njoo na kiti."

Nikaenda Kitisuru. Yule mama alikuwa mjane aliyekataa kurudi Ulaya, jirani walimwita Mama Winnie, na Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha kuamrisha wapishi, lakini moyo haukuwa mbaya. Alinikaribisha mpaka sebuleni kwa sababu alinitambua. Kiti kilikuwa juu ya meza ndogo, kimewekewa kitambaa cha kufuma na kadi iliyoandikwa, na saa kumi ya jioni ilipofika alikigonga mara nne, kwa hesabu ya Kizungu, mpishi akaleta chai. Mimi nilikuwa pale nikiona.

Nikamweleza. Nikamwambia ni kiti cha kukalia, amekichonga baba yangu, tiketi niliikalia, na alama ni za mbwa. Akanisikiliza huku akitikisa kichwa pole pole kwa huruma.

"Bwana ya televisheni nasema saa. Wewe nasema mbwa," akasema. "Mimi taamini nani?"

Nilirudi ghalani nimenyong'onyea. Bwana Ogola, namshukuru, aliona haya, akanipa mkono wa pole, lakini nilipomwomba aseme ukweli hewani alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeombwa figo. Maalim ndiye aliyenipa shauri. Alisema kwenye biashara yetu, neno la mtangazaji linavunjwa na kitu kimoja tu, neno la aliyetengeneza. Tatizo la vitu vya kale ni kwamba waliovitengeneza wamekufa. "Wako yu hai, mwanangu. Mlete."

Baba alikuja na koti lake na gunia lenye tezo, kile kishoka chake cha kuchongea. Tukapanda Kitisuru. Alisema mara moja tu, tulipopita ua wa tatu, kwamba watu hawa wana miti mizuri wanaitazama tu.

Tulipoingia sebuleni baba alivua kofia, akamsalimu Mama Winnie vizuri, akakiendea kiti. Akakitoa mezani, akakipindua, akapitisha kidole gumba chini kwenye fundo la mti ambalo tezo lilikuwa limelikwepa. Halafu akaisoma kadi. Yaani akanipa mimi niisome, kwa sababu yeye hakusoma. Ilisema kiti cha saa, Ukambani, zamani sana, mchongaji hajulikani.

Sijawahi kumwona baba ameumia hivyo. Kuuzwa kwa kiti aliweza kuvumilia. Akakiweka sakafuni akakikalia.

"Hapana kaa!" Mama Winnie akasema. "Hiyo kitu mzee sana!"

"Mimi ndiye mzee, memsahibu," baba akasema. "Hiki ni kiti."

Akakaa. Na namna alivyokikalia, miguu yake, mgongo wake, kiti chenyewe kilivyompokea, Mama Winnie aliona. Mtu anaweza kubishana na maneno. Naye akaketi kwenye kochi, akauliza kwa sauti ndogo kama zile alama kweli ni mbwa. Baba akasema ni mbwa. Akauliza mbona ni kumi na moja. Baba akasema kwa sababu alimfukuza.

Mama Winnie alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Lakini akasema alikuwa amekipenda, wageni wake wote wamekigonga, na hataki kukitoa abaki na meza tupu. Baba akaangalia dirishani, kulikuwa na mjakaranda ulioangushwa na upepo, bado haujakatwa kuni. Akasema atamchongea kingine, hapo hapo uani, cha ukubwa ule ule.

"Na hii alama?" Mama Winnie akauliza. "Mimi nataka na alama."

"Mbwa bado yupo," baba akasema. "Safari hii nitamwacha amalize."

Alichonga siku mbili chini ya ukuta wa jikoni, akaenda nacho nyumbani, na baada ya wiki moja kikaja Kitisuru kikiwa na alama kumi na mbili, nilizihesabu mwenyewe. Mama Winnie alinirudishia changu, akabadilisha kadi. Aliandika jina la baba, na chini yake jina la Askari.

Mimi nilikwenda Machakos siku ile ile iliyowekwa, kiti begani, baba kando yangu amefunga vifungo vyote vya koti. Mzee Ndonye alikuwa mlangoni na jirani zake wote wa ule ukumbi. Hakutukaribisha. Alikitazama kiti, akanitazama mimi, uso hauna hata tone la kicheko.

"Hebu kigonge," akasema, "tujue mmefika saa ngapi."

Nikakigonga. Nikagonga mara tano, maana ilikuwa saa tano. Nyuma yake nikasikia kicheko ndani ya nyumba, na nikakijua ni cha nani, na hicho ndicho kicheko ninachokisikia jikoni sasa hivi nikiandika haya, kwa sababu amesoma juu ya bega langu.

Kipindi kilikwisha baada ya miaka michache, makabati ya Wazungu yalipokwisha. Maalim alirudi Lamu, na mpaka anaondoka hakuwahi kusema neno juu ya ile mikono mitatu aliyoinua, nami sikumwuliza. Kiti ninakikalia hapa. Tiketi ya kumi na nne bado iko, nimejaribu maji ya moto na kisu, haitoki.

Basi nyinyi vijana wa ghala, mmetaka mafunzo ya miaka yangu yote. Kabati tumbo likuelekee. Kioo kisimame kama mtu. Usiseme kitu ni bakuli kabla hujaangalia kina mikono mingapi. Na kila unapoinuka baada ya kubandika, jipanguse matako.